Tuwafunze Madiwani Wetu Kazi Waliyoiomba

Tangu Desemba 1991, Bunge lilipokifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani na kuvirudisha vyama vingi, sisi wa makanisa na wa vikundi vya mageuzi tumewafundisha Wakenya mambo mengi juu ya kura. Tumewafundisha kujiandikisha, kuikataa hongo, kulilinda sanduku na kudumisha amani siku ya matokeo. Ilikuwa kazi njema, na kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya hatari. Lakini juu ya wajibu wa yule aliyekwisha kupigiwa kura tumefundisha machache mno, na yeye mwenyewe tumemfundisha machache zaidi. Twamsindikiza hadi mlangoni kwa nyimbo, kisha twarudi nyumbani kusubiri maendeleo.

Katika ukurasa huu twataka kumzungumzia mwakilishi wa ngazi ya chini kabisa, na hasa mwanamke na kijana wanaoingia katika ngazi hiyo. Jina la diwani lilikwisha kisheria baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza ya miji na ya wilaya yalipovunjwa na mabunge ya kaunti kushika nafasi yake. Leo yeye ni mwakilishi wa wadi. Sisi tutaendelea kumwita diwani, kwa kuwa neno hilo ni fupi na wazee wetu wanalielewa. Wala matatizo anayoletewa hayakubadilika kwa kubadilishwa jina.

Tuchukue mfano wa Kapsoit. Hiki ni kituo cha biashara katika eneo bunge la Ainamoi, Kaunti ya Kericho, kwenye barabara kuu iendayo Kisumu, pale inapochepuka njia ya Sondu. Ndilo pia jina la wadi nzima. Maisha ya huku yanategemea chai: wengine wana vishamba vyao na hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, wengine huajiriwa kuchuma katika mashamba makubwa. Anayekosa chai huuza mboga, ndizi, mahindi ya kuchoma au mitumba. Na anayeuza hutafuta mahali magari yanapopunguza mwendo. Ndiyo maana katika vituo vingi vya barabara kuu soko halisi haliko ndani ya uzio uliojengwa kwa fedha za umma. Liko ukingoni mwa lami.

Hatari yake yajulikana. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliwaparamia wachuuzi, abiria na waendesha bodaboda katika njia panda ya Londiani, humu humu Kaunti ya Kericho, na watu zaidi ya 50 wakafa. Viongozi walifika, rambirambi zikatolewa, amri ya kuyahamisha masoko ya barabarani ikatangazwa. Swali letu ni lile ambalo halikuulizwa sana katika matanga yale: kabla ya jioni hiyo, ilikuwa kazi ya nani kuwatoa akina mama wale kwenye ukingo wa lami na kuwapa mahali panapouzika?

Jibu lake si jepesi, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa na husimamiwa na mamlaka yake ya barabara kuu. Polisi wa trafiki nao ni wa serikali ya kitaifa. Lakini soko, kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Na ushuru anaolipa mama kwa kikapu chake hutozwa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti, yaani na diwani wake. Kaunti inayopokea ushuru wa mama huyo hali ameketi kwenye ardhi ya barabara haiwezi kudai kwamba haikujua alikoketi.

Diwani asiyeujua mgawanyo huu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humwahidi mama kwamba atatengeneza kila kitu, ahadi ambayo hana mamlaka ya kuitimiza. Ama humwambia kwamba hayo ni mambo ya Nairobi, akaondoka. Na lipo la tatu, ambalo ndilo limezoeleka kuliko yote: hutia mkono mfukoni, akachangia mazishi, na mama akamshukuru.

Sasa tumfikirie diwani aliyefundishwa. Kwanza huhesabu: wachuuzi ni wangapi, huja siku gani, huuza nini, choo na maji viko wapi, matatu husimama upande upi. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu; vijana wanne wa kanisa wenye daftari waweza kuimaliza kwa siku mbili za soko. Kisha huuliza ardhi ya umma iliyo karibu ni ipi na hati yake inasemaje, kwa maana masoko mengi nchini yamejengwa mbali na wateja kwa sababu tu ndiko kiwanja kilikopatikana, nayo sasa yameota majani. Akiisha kujua hayo huitazama kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Si rahisi soko ambalo halimo katika mpango wa Septemba lizuke katika bajeti ya Juni kwa sababu tu diwani amepiga meza. Tungependa kila mwenyekiti wa kikundi cha akina mama aziandike tarehe hizo tatu nyuma ya mlango wa jikoni.

Huiandikia pia mamlaka ya barabara akitaka matuta, alama na mahali pa matatu kusimama, na nakala ya barua huipeleka katika kamati ya bunge la kaunti. Asipojibiwa, ziko njia mbili ambazo sheria inazifungua na ambazo hazitumiwi ipasavyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa raia haki ya kuomba maelezo kwa ofisi ya umma na kujibiwa katika muda wa siku 21. Na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humpa kila mtu haki ya kuliletea bunge la kaunti ombi rasmi juu ya jambo lililo chini ya mamlaka yake. Akina mama wa sokoni waweza kutia sahihi wenyewe. Kazi ya diwani ni kuwaonyesha njia ya kwenda kwa karani.

Diwani huyu anajua vilevile asichopaswa kufanya. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo ya kaunti kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji. Diwani anayechagua mkandarasi, anayepima kokoto, anayeamua nani apewe kibanda, hawezi tena kumkagua mtu, kwa maana yeye mwenyewe amekuwa sehemu ya hesabu inayokaguliwa.

Wako watakaosema kwamba tunawadharau madiwani kwa kudhani kuwa hawajui. Hatuwadharau, tunatazama yaliyotokea. Oktoba 2024 Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura ya kumwondoa gavana. Wajumbe 31 kati ya 47 waliunga mkono hoja. Sheria yataka theluthi mbili ya wajumbe wote, na theluthi mbili ya 47 ni 31 na kitu. Na kwa kuwa binadamu hakatwi vipande, walihitajika 32. Hoja ilipofika katika Seneti ikaanguka papo hapo, mashtaka yenyewe hayajasikilizwa. Agosti 2025 bunge lile lile likarudia, na Seneti ikaitupa tena bila kukifikia kiini chake. Hatusemi hapa kwamba gavana alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Hilo ndilo hasa wananchi wa Kericho walilonyimwa nafasi ya kulijua, mara mbili.

Kati ya wajumbe hao 47, waliochaguliwa katika wadi ni 30. Waliosalia waliingia kwa orodha za vyama. Ibara ya 177 ya Katiba ndiyo iliyoziweka nafasi hizo za orodha, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge, na ili vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyoachwa nyuma wapate sauti. Bila ibara hiyo hali ingekuwa ya aibu. Katika wadi 1,450 za nchi nzima, wanawake waliochaguliwa na wapiga kura mwaka 2017 walikuwa 96. Mwaka 2022 wakawa 115. Tukiongeza 19 kila baada ya miaka 5, wanawake watafikia theluthi moja ya wadi baada ya chaguzi 20, yaani baada ya miaka mia moja. Wajukuu wetu watakuwa wazee.

Lakini nafasi ya orodha imegeuzwa kuwa nusu ya nafasi. Mwanamke au kijana aliyeteuliwa huambiwa, na wenzake wenyewe, kwamba hana wadi, hana watu, hana la kudai. Aketi, apige makofi, apige kura jinsi chama kinavyotaka, kwa kuwa chama ndicho kilichomweka. Sisi twasema kinyume chake. Tatizo la wachuuzi wa barabarani haliko Kapsoit peke yake. Laifuata barabara kutoka wadi moja hadi nyingine, na hakuna diwani wa wadi mwenye sababu ya kulishika lote. Mteuliwa anayo sababu. Hafungwi na mpaka wa kijiji wala na hasira za mtaa uliomnyima kura. Akijua kuandika hoja, kuisoma bajeti na kuiita kamati, atafanya kazi ambayo wenye wadi hawaifanyi. Asipojua, atabaki pambo, na wanaomdharau watajiona wamekuwa wakweli.

Nasi tusidanganyane kwamba nchi hii ya chai haijapata kumwamini mwanamke wala kijana. Sotik ilimchagua Lorna Laboso mwaka 2007, na alipokufa katika ajali ya ndege Juni 2008, dada yake Joyce Laboso alichaguliwa mwaka huo huo kushika kiti hicho. Joyce, aliyekuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha Egerton, akawa Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa mwaka 2013, na mwaka 2017 akawa gavana wa Bomet, mmoja kati ya wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa kuwa magavana nchini, hadi alipofariki Julai 2019. Mwaka 2022 Bomet ile ile ilimchagua Linet Chepkorir kuwa Mwakilishi wa Wanawake akiwa na umri wa miaka 24. Wapiga kura walimwamini Joyce aliyekuwa na ujuzi wa miaka mingi, na wakamwamini Linet aliyekuwa bado anaanza. Mtu wa aina ya pili hatuna haki ya kumwacha ajifunze peke yake mbele ya macho ya watu wanaomsubiri akosee.

Hapa lazima tuseme neno juu ya vyama, japo litawaudhi baadhi ya marafiki zetu. Mwaka 1992 katika Bonde la Ufa baadhi ya wagombea ubunge wa KANU walipita bila kupingwa. Tulidhani vyama vingi vingeponya ugonjwa huo. Badala yake tumeona mawimbi: mwaka 2007 ODM, 2013 URP, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Wimbi linapokuja, anayeshika tikiti ya chama chenye wimbi amekwisha kushinda, na tikiti hupatikana kwa kujulikana, kwa fedha, au kwa kumjua mwenye chama. Hakuna anayemwuliza kama anajua waraka wa mkakati wa fedha ni kitu gani. Mpinzani wa kumwuliza hayupo, au yupo lakini hasikilizwi. Mahali ambapo upinzani ni dhaifu, basi, mafunzo ya madiwani na ya wapiga kura wao ndiyo upinzani uliobaki.

Wala hatuanzi kutoka sufuri. Wazee watakumbuka kwamba mabaraza ya zamani yalipewa mgawo wa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi kwa sheria ya mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2001 kila baraza likatakiwa kukaa na wananchi na kuandika miradi waliyoitaka. Mara nyingi mikutano hiyo ilikuwa ya kiini macho. Hata hivyo watu wa vijijini walijifunza kubishana juu ya mradi kwa gharama na mahali. Mabaraza yalipovunjwa mwaka 2013, maarifa hayo yalikwenda nayo, na hakuna aliyeyaandika.

Vijana nao wametuonyesha jambo. Juni 2024 waliusoma Mswada wa Fedha wa serikali ya kitaifa ukurasa kwa ukurasa, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakauelezea kwa simu zao, hadi nchi nzima ikajua kilichomo, na Rais akakataa kuutia sahihi. Wengine walilipa kwa damu. Vijana walioweza kuusoma mswada ule hawawezi kushindwa na makadirio ya bajeti ya kaunti, ambayo yanahusu zahanati wanayoijua. Ila hakuna aliyewapa nakala.

Mafunzo tunayoyataka si yale yaliyozoeleka. Tunayajua yale: hoteli ya Naivasha au ya Mombasa, mabango ukutani, marupurupu ya siku tatu, mada juu ya uongozi bora, picha ya pamoja, kisha kimya. Diwani hurudi na mkoba na kalamu. Tunapendekeza afundishwe penye tatizo. Ukumbi wa kanisa la Kapsoit watosha. Kwa miezi sita, siku moja kila mwezi, madiwani wa wadi za jirani, wateuliwa na waliochaguliwa, wakae na wachuuzi, wachumaji chai, wenye bodaboda na wazee wa kokwet, washike tatizo moja lenye jina, walifuate kutoka barazani hadi kwenye bajeti. Kokwet ina hekima yake ya kusikiliza hadi mwisho, nasi twaiheshimu. Ila kwa desturi mwanamke hakupewa nafasi sawa ya kusema pale, na mafunzo haya lazima yampe. Uganda walikabili jambo hili mapema. Katiba yao ya 1995 iliwatengea wanawake theluthi moja ya viti vya mabaraza, sheria ya 1997 ikawaongezea vijana nafasi zao, na chama cha FOWODE, kilichoanzishwa mwaka 1995, kikajitwika kazi ya kuwafundisha madiwani wanawake na kuichambua bajeti kwa jicho la mwanamke. Viti vilikuja, na walimu wakaja karibu yake. Sisi tulipokea viti tu.

Matatizo ya kushika hayakosekani. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wanawake wa mashamba makubwa ya chai huku kwetu waliolazimishwa kuwapa wasimamizi miili yao ili wapate au wasipoteze kazi. Zaidi ya wanawake 70 walisimulia. Mei mwaka huo huo mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na watu walioona mikono yao imeondolewa kazini. Diwani hawezi kuandika mkataba wa kampuni. Lakini Ibara ya 195 ya Katiba inalipa bunge la kaunti mamlaka ya kumwita mtu yeyote afike kutoa ushahidi, na mwanamke diwani anayelijua hilo aweza kuitaka kamati imwite meneja aeleze, hadharani, msichana akidhulumiwa shambani anamwambia nani. Mambo hayo mawili yaliujia umma kupitia waandishi wa habari na kupitia moto. Yalikuwa na haki ya kupitia kwa diwani kwanza.

Na iko Sondu, mwisho wa njia ile inayochepuka Kapsoit, mpakani mwa Kericho na Kisumu. Mwaka 1992 mpaka huo ulipata sehemu yake ya mapigano ya kikabila yaliyozuka kabla ya uchaguzi. Mwaka 2023 watu waliuawa tena huko, vikiwa vimepita vizazi vya mikutano ya amani. Wanaovuka mpaka huo wakati wa utulivu ni akina mama wa sokoni, wenye deni na dai upande wa pili, wanaojua majina ya watoto wa wateja wao. Katika mazungumzo ya amani huitwa kupika. Tungetaka wawekwe mezani, na madiwani wa kaunti zote mbili wafundishwe pamoja namna ya kusimamia soko la mpakani na ushuru wake, kabla ya vijana wa pande mbili kupewa mishale.

Wengine katika ushirika wetu wana wasiwasi kwamba kanisa likimfundisha diwani litakuwa limeingia katika siasa za vyama. Wasiwasi huo ni wa haki. Dawa yake ni kumfundisha kila anayekuja, wa chama chochote, na kuwafundisha pia walioshindwa, kwa maana aliyeshindwa akiijua bajeti ndiye atakayemkosesha usingizi aliyeshinda. Kuna madiwani ambao hawatapenda. Mwananchi anayeijua tarehe ya Aprili 30 ni mzigo kwa asiyeijua.

Kabla ya mchujo wa vyama wa kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2027, tunaziomba kamati za haki na amani za parokia, vyama vya akina mama na vya vijana katika Kericho na Bomet, kuwaita watakaotaka kuwania wadi, mmoja mmoja, mbele ya washiriki, na kuwauliza mambo matatu: soko la hapa liko chini ya ofisi gani, mpango wa maendeleo wa mwaka huu umeitengea wadi hii nini, na theluthi mbili ya 47 ni ngapi. Majibu yaandikwe na kubandikwa kwenye mlango wa kanisa. Wasiokuja, majina yao yabandikwe pia.